Kuku Wanaocheka wa Bi Mwanahalima

Bi Mwanahalima akisikia kuna mgeni anakuja, kitu cha kwanza anachoshika ni fagio. Anafagia chumba, anafagia baraza, anafagia uwanja, halafu anaendelea na njia mpaka mlangoni kwa jirani, na jirani akitoka kushangaa anaambiwa, "Inua miguu, shoga, usinicheleweshe." Chochote kinachofanana na fujo kinaondolewa machoni mwa mgeni: ndoo, kanga zilizoanikwa, mihogo iliyo juani, hata watu. Marehemu mumewe aliwahi kufungiwa jikoni kwa sababu shati lake lilichanika begani na wageni wa posa walikuwa wameshaingia uwanjani. Mzee wa watu alikaa humo na sufuria la pilau, kwa hiyo hakulalamika.

Hayo nayajua kwa sababu mimi ni jirani yake. Ni fundi seremala, karakana yangu imepakana na uwanja wake. Tunaishi Masaki, hii yetu ya Kisarawe yenye mihogo na mikorosho, si ile ya mjini yenye maghorofa. Mimi maneno yangu ni machache. Yeye anayo ya kwake na yangu pia, hivyo ujirani wetu haukuwahi kupungukiwa.

Alizaliwa Marui, akaolewa huku, akauza mihogo ya kukaanga miaka mingi. Mjukuu wake, Latifu, alizaliwa na mtindio wa ubongo, shingo na miguu havina nguvu. Bi Mwanahalima akawa anambeba mgongoni, anapanda naye pikipiki, wanabadilisha magari mpaka hospitali ya Tumbi, Kibaha, kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Kule akafundishwa namna ya kumnyoosha mtoto, kumgeuza, na kumkalisha asianguke. Akirudi nyumbani alirudia yote barazani huku anaimba nyimbo za unyagoni, na mtoto anafurahi, na mimi huku karakana nachelewa kupiga msumari kwa kusikiliza.

Mama mmoja alipita akaona, kesho yake akaja na wa kwake. Akaja mwingine. Mara baraza ikajaa. Wakaunda kikundi, wakakisajili, wakakiita Tukae Sote, kwa kuwa kazi ya kwanza pale ni kumfundisha mtoto kukaa. Mzee Mwinyimadi, mwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa karakana yangu, akawapa banda lake la zamani la kuwekea korosho. Mimi nikatengeneza viti vyenye mikanda na meza ya kusimamia. Ndipo Latifu alipokaa peke yake mara ya kwanza, akaangalia huku na huku kama diwani aliyeshinda uchaguzi, na bibi yake akacheka mpaka akalia.

Basi mwaka jana Mzee Mwinyimadi akaja na habari. Kiwanja anakiuza. Kuna mtu wa mjini anataka kujenga fremu za maduka.

"Ningependa ninyi ndio mnunue, mwanangu," alimwambia Bi Mwanahalima. "Nitawasubiri mpaka msimu wa korosho. Zaidi ya hapo siwezi, na mimi nina wanangu."

Kikundi kile kingenunua kwa kitu gani? Na banda lenyewe lilikuwa limeshazidiwa. Watoto waliingia kwa zamu, nusu ya akina mama walisubiri nje na jua linawawakia. Banda likienda, kila mtoto angerudi kulala mkekani kwao, na Tumbi ni mbali.

Ndipo tukasikia habari za mfuko mmoja wenye ofisi Kibaha. Mfuko huo unatoa ruzuku kwa asasi ndogo zisizofanya biashara, zinunue au zipanue majengo zinayotolea huduma. Hautoi semina wala posho. Bi Mwanahalima aliomba, akaitwa kwenye kikao, akanichukua nimsindikize. Mle kikaoni alikaa wima, kimya, mikono mapajani, mpaka nikadhani anaumwa. Tulipotoka barabarani akanipiga bega.

"Fundi! Umesikia? Wanatoa ukuta!"

"Nimesikia, Bi Mwanahalima."

"Watu wapo duniani wanatoa ukuta bure! Na bati juu yake! Mimi nikadhani siku hizi watu wanatoa fulana tu!"

Kondakta na abiria wote walielezwa habari ya ukuta kabla hatujafika nyumbani.

Lakini kulikuwa na jambo la mwisho. Walisema afisa wao atakuja Masaki kuona huduma inavyotolewa na nafasi iliyopo, kisha kamati yao itaamua. Mimi nilisikia hayo yote. Bi Mwanahalima alisikia moja tu: mgeni anakuja.

Siku yenyewe, jua halijapanda vizuri, fagio lilikuwa limeshafanya kazi. Kisha akaanza kuhamisha. Magodoro, karakana kwangu. Viti vya mikanda, karakana. Mipira mikubwa ya mazoezi, karakana. Nikadhani amemaliza. Akaleta akina mama na watoto.

"Bi Mwanahalima," nikasema, "na hawa?"

"Wafanye fujo mbele ya mgeni? Mgeni aone chumba kizuri, kisafi, aseme hawa watu wanastahili. Wewe ni mkimya. Kaa nao humo uwafundishe ukimya."

"Shoga, mimi sijapata hata pa kuweka mguu!" alilalamika Zuwena, mama yake Kudra.

"Uweke juu ya mwingine. Si unayo miwili?"

Akatufungia. Mle ndani tulikuwa tumepangwa kama dagaa. Mtoto mmoja alikuwa juu ya benchi la randa, wawili ndani ya kabati ambalo sijaliwekea milango, na mimi nimebanwa ukutani, jicho kwenye ufa wa ubao. Bandani alibaki Latifu peke yake, kavalishwa kanzu na kofia, kakalishwa katikati kama bwana harusi.

Afisa alifika kwa bodaboda, kijana mwembamba mwenye miwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Gregori.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Umetokea wapi, Kibaha?"

"Ofisi ndiyo ipo Kibaha. Kwetu hasa ni Tabora. Mimi Mnyamwezi."

Huku ndani akina mama wakaziba midomo. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za mababu. Mnyamwezi akikutajia kabila lake mlangoni kwako, huwezi kumwacha apite hivi hivi. Lazima umtupie neno, la sivyo ataona humpendi. Na katika utani, Masaki nzima hakuna wa kumfikia Bi Mwanahalima. Lakini alikuwa ameahidi kikundi kwamba siku hiyo hatatania mtu. Nikamwona pale nje anavimba mashavu kama aliyeweka ndimu mdomoni.

"Karibu ndani," akasema kwa taabu.

Gregori akaingia bandani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akamsalimia Latifu, Latifu akampungia mkono. Wakatoka.

"Bibi, pamependeza," alisema. "Pasafi, hewa inapita. Ila sijaelewa. Chumba chote hiki, mtoto mmoja. Sasa mnataka kupanua nini?"

Bi Mwanahalima akafagia pale pale alipokwisha kufagia.

"Sisemi kwa ubaya," Gregori akaendelea, na sauti yake kweli ilikuwa ya huruma. "Ila kuna asasi nyingine watu wanabanana kweli. Mimi nitaieleza kamati nilichokiona. Hapa nafasi inatosha."

Nilimwona Bi Mwanahalima akilegea. Fagio lilikuwa bado mkononi, akaliegemea. Latifu alikuwa anachungulia mlangoni toka kitini kwake, kofia imemshukia jichoni. Nikataka kupiga kelele kwamba tupo huku, lakini koo langu si zuri kwa kelele. Na pia pua ilikuwa imeanza kuniwasha. Watu wote wale walikuwa wametimua unga wa mbao, unaelea mle ndani kama ukungu.

Nikajizuia. Nikabana pua. Zuwena akanitolea macho. Kudra, bintiye, ambaye haongei ila anaona kila kitu, akanikazia macho na yeye. Nikapiga chafya ambayo sijawahi kuipiga maishani, kofia yangu ikaruka ikatua kichwani kwa mtoto wa kabatini.

Kudra akacheka. Kicheko cha Kudra kinaanzia tumboni, kinapanda kwa mapigo kama pampu ya maji, na hakuna binadamu anayekisikia akabaki na sura yake. Kabati likacheka. Benchi likacheka. Akina mama waliokuwa wameziba midomo wakaachia.

Nje, Gregori akageuza shingo. "Nini hicho?"

"Kuku," alisema Bi Mwanahalima.

"Kuku wanacheka?"

"Ni wa kienyeji."

Hapo ndipo mlango wangu uliposhindwa. Niliutengeneza mwenyewe na komeo ni zuri, ila haukutengenezwa kuegemewa na wanawake wa Masaki wanaocheka. Ulifunguka kwa kishindo. Ukatoka kwanza mpira mkubwa wa bluu, ukadunda uwanjani mpaka miguuni kwa Gregori, ukasimama. Likafuata godoro, na Zuwena juu yake amemkumbatia Kudra, wote wawili wanacheka. Wakatoka wengine. Mwisho nikatoka mimi, mweupe kwa unga wa mbao, kama mkaanga chapati.

Gregori akausogeza mpira kwa mguu.

"Kuku wenu wamenona," akasema.

Bi Mwanahalima alikuwa amebana utani tangu asubuhi, na sasa ukatoka wote kwa mpigo mmoja.

"Ulitaka niwaweke wapi, Mnyamwezi wewe? Kichwani kwako? Umekuja na vumbi la wilaya nzima kwenye uwanja niliofagia tangu alfajiri, na miwani juu, halafu huoni! Ninyi mlifika pwani mmebeba mizigo ya watu, leo mnatuletea ukaguzi!"

Zuwena akasema taratibu, "Basi, ruzuku imeondoka."

Gregori alikuwa ameinama, ameshika magoti. Tulidhani amekasirika. Kumbe anacheka, miwani imedondoka.

"Na ninyi Wazaramo," alisema alipopata pumzi, "mkiitiwa ngoma mnatoka wote mpaka mgonjwa, leo mkiitiwa ukuta mnajificha! Bibi, mimi nimetoka Kibaha kuja kuona hiyo fujo. Umenifagilia kile kile nilichokifuata!"

"Mgeni anafagiliwa, mwanangu. Mimi sijui kumpokea mgeni namna nyingine."

"Basi leo nipokee kwa fujo. Rudisheni kila kitu."

Tukarudisha. Magodoro, viti, mipira, akina mama wote, watoto wote, wa zamu zote mbili kwa pamoja. Gregori alikuwa wa kwanza kuingia, hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana kila aliyeingia alimsogeza. Mwisho alikuwa pembeni kabisa, ameketi sakafuni, Kudra mapajani, mpira wa bluu umembana mgongoni, na Latifu kutoka kitini kwake anamvisha kofia.

"Haya, piga picha sasa!" Bi Mwanahalima alimpigia kelele toka upande wa pili.

"Bibi, simu ipo mfukoni na mkono siuoni!"

"Mmoja nimeukalia mimi," alisema mama mmoja. "Samahani, kaka."

"Na usivute pumzi sana," Zuwena alimwambia. "Hapa tunapokezana."

Hivyo hivyo, wakaanza mazoezi. Wimbo ukaanza, watoto wakanyooshwa, wakageuzwa, anayegeuzwa huku anamgeuza wa pembeni. Gregori alikaa mle mpaka wimbo wa mwisho. Alipotoka, shati limeloa, aliacha kutania kidogo.

"Sasa nimeona," alisema. "Siwaahidi, kamati ndiyo inayoamua. Ila nitawaeleza vizuri." Kisha akakunja uso. "Na kwa kunidanganya mimi mtani wako, faini. Kuku mmoja. Asiyecheka."

Alipewa, na alimmaliza.

Kusubiri kulimkondesha Bi Mwanahalima. Alifagia bila mgeni. Mikorosho ikaanza kuzaa, na mtu wa fremu akaja kupima kiwanja kwa hatua zake, Mzee Mwinyimadi anamfuata nyuma bila furaha. Siku mbili baadaye simu ikaita tukiwa tunamfunga Latifu mkanda. Bi Mwanahalima akaweka sauti ya juu, wote tukasogea.

"Kamati imekaa," alisema Gregori kwa sauti ya msibani. "Imejadili kwa kirefu. Imesikitika."

"Imesikitika nini?"

"Imesikitika kwamba Wazaramo watapewa ukuta. Kiwanja mtanunua, na chumba cha pili mtajenga."

Sikumbuki nani alianza. Najua kulikuwa na vigelegele, najua Mzee Mwinyimadi alikuja anakimbia na kiatu kimoja, na najua mimi niliimba. Watu walionisikia bado wananisalimia kwa heshima mpya.

Ukuta ukapanda kabla ya masika. Milango nilitengeneza mimi, na Bi Mwanahalima aliniambia mlango wa chumba kipya nisiuwekee komeo. Siku ya ufunguzi, Gregori alipokaribia kufika, Bi Mwanahalima alionekana akizunguka anatafuta kitu. Zuwena alikuwa amelikalia fagio.

Basi mgeni akapokelewa hivyo hivyo, magodoro chini, kanga kambani, watoto kila mahali. Tukaingia chumba kipya, kipana, kinanukia saruji, mara ya kwanza wote kwa pamoja na bado sakafu inaonekana. Kudra alipoona ule upana akacheka. Kicheko kikaenda mpaka ukuta wa mbele, kikarudi. Akanyamaza, akasikiliza kwa mshangao, akacheka tena kwa makusudi. Kikarudi tena.

Gregori akamgeukia Bi Mwanahalima, uso wake wa kiofisi kabisa.

"Bibi," akasema, "na hao wengine mmewaficha wapi?"