Mtungi Usiotoka Jasho

Mpaka leo nikimwona mtu anabembeleza kikombe kilichopinda na kusema kina roho, kinyaa kinanipanda. Kisa ni mtungi mmoja tu.

Mama alikuja kukaa nami Bowie, huku Marekani, miaka ile ya kadi za simu za kukwangua. Figo zake zilishaanza kuchoka, na daktari alisema dawa ya kwanza ni maji, tena mengi. Mama hayataki. Ya bomba yananuka dawa, ya friji yanamuuma meno.

"Maji ni ya mtungini," alisema. "Hayo mengine mnywe wenyewe."

Basi nikajiandikisha darasa la ufinyanzi, upande wa Beltsville. Mwalimu alikuwa Mmarekani aliyewahi kukaa Japani kwa mfinyanzi mmoja, na tangu arudi hakuwa na neno lingine. Kwake chombo ni kile kilichochomwa kwa moto mkali wa kuni mpaka udongo ukawa jiwe. Mabakuli aliyapinda makusudi, kisha akatuhubiria unyenyekevu sisi tumesimama, miguu inawaka moto. Alinichefua tangu siku ya kwanza. Lakini mtungi niliutaka.

Niliufinyanga kama wa kwetu Tanga, tumbo la mviringo, shingo nyembamba. Nikamwambia waziwazi: uchomwe kwa moto mdogo, maji yapenye kidogo, utoke jasho, yapoe. Akaitikia vizuri kabisa. Kumbe aliuingiza kwenye tanuri lake kubwa, mbele kabisa, pale majivu yanapoangukia vyombo na kuyeyuka. Ulitoka na michirizi ya kijani kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Wanafunzi wakashika vifua kwa kuustaajabia.

"Nimeupa heshima," akaniambia. Nikaubeba, nikaondoka.

Nyumbani niliujaza maji. Asubuhi mama akapitisha kiganja kwenye tumbo la mtungi: kukavu. Akaonja, akatema kwenye sinki.

"Mwanangu, hii ni chupa."

Akaendelea kujinyima. Haikupita wiki akalazwa, maji anaingiziwa kwa sindano. Nililia kwa hasira kwenye maegesho ya hospitali, na niliyekuwa nikimtukana ni yule mwalimu.

Mama alipotoka, mwalimu akapiga simu, anauomba mtungi kwa maonyesho. Nikamwambia aje auchukue na asiurudishe.

Alikuja, akavua viatu mlangoni. Mama alikuwa kwenye kochi, plasta bado mkononi. Alipomwona mgeni akavuta khanga vizuri, akajiweka sawa kupokea salamu. Jamaa akapita mbele ya magoti yake, moja kwa moja hadi kwenye mtungi, akainama mpaka paji la uso likakaribia kuugusa.

"Anasali?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Anausalimia mtungi."

Mama akamtazama anavyotoka nao, kaukumbatia kama kichanga.

"Kumbe kuinama anajua," akasema.