Nyumba ya Mwashi wa Boma

Nilisomea ujenzi Istanbul, na huko ndiko nilikojifunza habari za ukoo mmoja wa Waarmenia waliokuwa wasanifu wa masultani. Babu, mwana, mjukuu, wote walijenga makasri ya watu wengine. Mwongoza wageni katika kasri mojawapo alitutajia masultani waliolala humo. Wajenzi hakuwataja hata kwa bahati mbaya.

Niliporudi Tabora nilimwonyesha mama picha ya kasri hilo, nikamsimulia habari za wajenzi wake. Aliishi mtaa wa Ng'ambo, katika nyumba ya udongo aliyoijenga babu yake, mmoja wa waashi wa Boma la Mjerumani. Mji mzima husema Mjerumani ndiye aliyelijenga boma, utadhani alikoroga chokaa kwa mikono yake. Mama aliitazama picha, akauliza:

"Na nyumba zao wenyewe ziko wapi?"

"Hilo hatukufundishwa," nikamwambia.

"Basi sisi tunayo," akasema. "Na mimi nitafia humu."

Aliyeiua nyumba ni kaka yangu, tena kwa upendo. Baba alipofariki, kaka aliona aibu watu waje matangani wakute kuta za udongo, akazipiga lipu ya saruji nje na ndani. Wakamsifu sana. Lakini ukuta wa udongo hunywa maji kwa chini, kisha hukauka kwa kupumua. Ukiuziba kwa saruji, unaoza ndani huku uso unang'aa. Nilipobandua kipande, udongo ulimwagika kama unga. Nilikasirika hata nikashindwa kula nyumbani kwa kaka, ila hasira haisimamishi ukuta.

Masika haya tulimhamishia mama kwa kaka. "Mpaka mvua iishe tu, mama," tulimwambia, naye akaiacha picha ya baba ukutani kwa sababu angerudi. Siku chache baadaye ukuta ule ulianguka, paa likafuata. Kaka alilia amesimama kwenye tope. Waliojua kujenga kwa udongo ule wamekwisha. Mimi nilisomea makasri.

Hatujamwambia mama. Mvua ikipiga bati huuliza kama kule kunavuja, na kaka hunitazama mimi.

"Hakuvuji, mama."

Ni kweli, paa la kuvuja halipo.

Juzi mvua ilikatika. Leo asubuhi nimemkuta mama amekaa kitandani, kanga zake amezifunga furushi, viatu viko miguuni.