Kiingereza cha Kupima

Jambo zima lilinigharimu vikapu viwili, jogoo mmoja na safari tatu za kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Nimehesabu tena: safari ni nne, maana ile ya kwanza nilirudi bila kumkuta mwalimu. Shangazi yangu sijamweka kwenye hesabu. Bado sijui kama nimempoteza.

Nilianza kwa nia ya biashara. Nauza vikapu na mikeka. Kilosa nawauzia watu wanaonijua, na wanajua hata mzigo niliuchukua wapi na kwa kiasi gani, kwa hiyo faida ni ya kubembelezana. Mikumi kuna wageni wanaokuja kuangalia wanyama. Siku moja mgeni alishika kikapu changu, akakigeuza, akasema maneno mengi, akatabasamu, akakirudisha. Hadi leo sijui kama alikuwa anakataa bei yangu au ananitajia kubwa kuliko hiyo. Hilo la pili ndilo lililoniuma.

Nikaelekezwa kwa mwalimu mmoja wa hukohuko Mikumi, binti, anayefundisha Kiingereza mchana katika chumba nyuma ya kanisa. Alikuwa na mada kumi na mbili ubaoni. Nikamuuliza bei ya zote, akaitaja. Nikamuuliza kama anapima.

"Kupima vipi?"

"Kama mafuta ya kula. Si kila mtu ananunua dumu."

Akaniangalia. "Kaka, lugha haikatwi vipande."

"Hata mche wa sabuni ulikuwa haukatwi."

Tukakubaliana mada moja kwa vikapu viwili. Yeye alinishauri nichukue Sokoni. Nikaomba kwanza orodha nihesabu. Sokoni ilikuwa na maneno thelathini na mawili. Hospitali, ishirini na tisa. Vyombo vya Habari ilikuwa na maneno sitini, kwa vikapu vilevile viwili. Mfanyabiashara gani mwenye akili zake angebeba thelathini na mawili?

"Utayatumia wapi?" mwalimu akauliza.

"Nikishakuwa nayo nitajua."

Akanieleza orodha yote siku hiyo, nikarudi nayo Kilosa, nikaisoma wiki tatu. Nikajua headline ni kichwa cha habari, na caption ni yale maandishi madogo chini ya picha. Nikajua mtu aliyemwambia mwandishi habari anaitwa source, na kwamba zile alama mbili zinazoning'inia mwanzo na mwisho wa maneno zinaonyesha kuwa maneno hayo yametoka kinywani mwa mtu. Nikamjua mhariri, mtangazaji, msikilizaji, tahariri, matangazo madogo. Nilipohesabu mara ya pili nikakuta maneno hamsini na tisa. Neno gazeti lilikuwa limeandikwa mara mbili. Nikarudi Mikumi kudai nyongeza.

"Chagua neno lolote," mwalimu akasema. Alikuwa amechoka.

Nikachagua jirani. Nililenga kuwaambia wageni kwamba bei ya jirani yangu ni kubwa kuliko yangu. Neno bei sikuwa nalo, lakini jirani nilikuwa naye.

Huko ndiko nilikokuwa nimefika shangazi aliponijia Kilosa kutoka Rudewa. Ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Ana shamba la ekari tatu, na kati ya shamba hilo na mto kuna kipande chembamba ambapo ng'ombe wa mfugaji mmoja hupita kwenda kunywa maji. Msimu huu ng'ombe hao walikata kona wakala mistari minne ya mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Shangazi akafunga njia kwa miiba. Mfugaji akasema njia ni ya makubaliano ya siku nyingi. Shangazi akasema hajawahi kukubaliana na mtu. Shauri likaenda baraza la kata.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akafungua fundo la kanga. Ndani yake kulikuwa na kipande cha gazeti la Kiingereza chenye mafuta.

"Nilinunua dagaa hapa sokoni kwenu," akasema. "Nikafika nyumbani, nikafungua, nikajikuta."

Ni kweli alikuwemo. Picha ilikuwa imetanda nusu ya kipande: shangazi amesimama kwenye kona ya shamba lake, mkono kiunoni, nyuma yake ng'ombe. Akakumbuka kwamba zamani kidogo, kabla ya ugomvi, alipita kijana mwenye kamera na mwenzake mwenye daftari. Walimuuliza maswali, akawajibu, wakaenda zao.

"Sasa baba, wewe unasoma Kiingereza. Baraza ni kesho kutwa. Linasema shamba ni la nani?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeshasikia kwamba nasoma, na aliyeutangazia ni mimi.

"Hiki hapa juu ni kichwa cha habari," nikasema.

"Kinasemaje?"

"Kinasema habari iliyoko chini."

"Na hiyo iliyoko chini?"

"Hiyo ndiyo habari yenyewe. Hapa unaona alama hizi mbili? Wamekunukuu. Wewe ndiye chanzo cha habari."

"Mimi ndiye chanzo?" Akajiweka sawa kwenye kigoda. "Wamesema nimesema nini?"

"Wamesema umesema."

"Usinizungushe. Mimi si mteja wako."

Nikarudi kwenye kipande. Maneno mengine yote yalikuwa ukuta. Ila neno la nyongeza nililiona. Nikalihesabu: jirani, mara nne. Nikahesabu tena: mara tano, moja ilikuwa juu kabisa kwenye kichwa. Halafu nikaona tarakimu, na tarakimu hazinishindi popote. Kumi na mbili.

"Jirani ametajwa mara tano," nikasema.

"Kwa ubaya?"

"Shangazi, mtu hatajwi mara tano kwa wema."

Akaguna kwa kuridhika. "Na hiyo?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili nini?"

Nikafikiri kama mtu mwenye akili. Picha ni ya shamba. Ugomvi ni wa shamba. Mbele ya mwenye shamba kuna namba. "Itakuwa ekari," nikasema.

Ninakumbuka vizuri kwamba nilisema itakuwa. Shangazi hakuchukua hilo neno. Alichukua ekari.

Siku ya baraza nilifunga biashara nikamsindikiza. Mfugaji, mzee mrefu mwenye shuka iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, alieleza yake kwa utulivu. Shangazi aliposimama akainua kipande cha gazeti na kusema kwamba serikali na wazungu wote wanajua ardhi yake inafika mtoni, ni ekari kumi na mbili, imeandikwa.

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, akalipokea na kuligeuza. "Mama, mwaka jana ulisema ni tatu."

"Mwaka jana sikuwa na gazeti."

"Nani amekusomea?"

Shangazi akanionyesha kwa fahari ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, hata siku ya ubatizo wangu niliyosimuliwa.

"Haya, mwanangu, tusomee na sisi."

Nikasimama. "Hiki ni kichwa cha habari. Haya ni maelezo ya picha. Hapa ni jina la mwandishi, lakini limechanika. Hizi ni safu mbili."

"Na kwenye safu?"

"Kuna nukuu."

"Nukuu inasemaje?"

"Inanukuu."

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Mzee mmoja akauliza kama mimi ni msomaji au fundi wa magazeti. Mwenyekiti hakucheka. Akasema tupewe wiki mbili, tulete maneno hayo kwa Kiswahili, yaandikwe na mtu anayejua, kwa sababu mama ameshayataja mbele ya baraza kama ushahidi wake na sasa lazima yajulikane. Shangazi akaitikia haraka. Alikuwa na uhakika.

Nje, mfugaji alimsogelea. "Dada, naweza kuiona picha?"

Shangazi akampa huku ameangalia pembeni. Mzee akaweka kidole kwenye ng'ombe mmoja mmoja, midomo ikitikisika. Akafika mwisho, akaanza upya. Nikasema moyoni, huyu mwenzangu.

"Yule mwekundu alikufa," akasema, akarudisha picha, akaondoka.

Ndipo ikaja safari ya nne ya Mikumi, nikiwa na jogoo kwapani. Mwalimu alisema kutafsiri hakumo kwenye mada yangu. Nikasema ndiyo maana ya jogoo. Akasoma kipande kimya kimya, akatoa kalamu, akaandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja. Alipomaliza akanitazama kama mtu aliyekuuzia kitu kizima ukakivunjia mlangoni.

Kichwa cha habari kinasema, kwa ufupi, majirani wanaoelewana. Ndani, shangazi ananukuliwa akisema kwamba kwa miaka kumi na miwili amemwachia jirani yake njia ya kupeleka ng'ombe mtoni, kwamba yeye hupata samadi na maziwa, na kwamba mwaka alioumwa mguu, ng'ombe wa jirani ndio waliovuta plau shambani kwake. Anasema hakuna aliyewaandikia makubaliano, walikubaliana wenyewe. Anasema ana jirani mwema. Mara tano, zote kwa wema.

"Ni ekari ngapi?" nikauliza.

"Hakuna ekari humu."

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Hakuna.

Sasa karatasi ninayo, imekunjwa mara nne, mfukoni mwa shati. Sijui nimeshika nini. Nikiipeleka barazani, shangazi anaonekana mwongo mara mbili, kwa ekari na kwa makubaliano, na njia inafunguliwa kwa maneno yake mwenyewe, niliyoyabeba mimi. Nisipoipeleka, mwenyekiti anaisubiri, na mzee wa shuka hajui kwamba kitu pekee kinachomtetea kimo mfukoni mwangu. Nimefikiria kumwambia shangazi kwanza. Juzi nilifika hadi kwake Rudewa kwa nia hiyo. Nikamkuta anashona mfuko mdogo wa nailoni wa kuhifadhia kipande chake. Akaniuliza mwalimu amesemaje. Nikasema bado anaandika.

"Mwambie asiharakishe," akasema. "Aandike yote niliyosema."

Nilitaka kumuuliza anakumbuka alisema nini siku ile. Nadhani anakumbuka. Dakika moja baadaye nadhani hakumbuki, kwamba mistari minne ya mahindi imefuta miaka yote kumi na miwili. Wakati naondoka nilipita kwenye kona ya shamba. Miiba ipo. Lakini upande wa mto mtu ameisogeza kidogo, upana wa ndama mmoja, na nyayo zilizo pale ni za kandambili. Kandambili za shangazi nazijua, nilimnunulia mimi. Nilizitazama nyayo hizo mara mbili na bado sikuapa.

Baraza ni Alhamisi. Nina maneno sitini ya Kiingereza na hakuna hata moja linalofaa hapa. Kwa hiyo nauliza kwa Kiswahili, kwa yeyote aliyelelewa na shangazi na aliyewahi kugombana na jirani anayempenda: karatasi hii nimpe nani kwanza?