Mashine ya Mbali, Pengo la Mama

Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wa walimu ni kueleza hata wasipoulizwa. Uvimbe ulipomtoka mama chini ya sikio la kushoto, na hospitalini Homa Bay wakathibitisha kwamba ni saratani ya tezi ya mate, nilianza kueleza siku hiyohiyo. Sikunyamaza kwa majuma matatu.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kuhusu tiba ya protoni. Kila Jumamosi nilitoka Uriri kwenda kwake Kosele, nikamweleza kwa Kijaluo huku akichambua maharage. Mionzi ya kawaida, nilimwambia, hupenya uvimbe na kuendelea mbele, ikiunguza mdomo njiani. Protoni husimama pale ilipotumwa. Ni kama jembe la jirani mwema, likifika mpakani linageuka. Mama alisema majirani wa aina hiyo yeye hajawahi kuwaona.

Mashine hiyo haiko Kenya. Ingebidi tuende India, na maandalizi yangechukua miezi. Mimi nilikwisha kuamua. Fomu za pasipoti yake nilizijaza mwenyewe, ikabaki sahihi tu.

Daktari wa saratani alikuwa kijana asiyejua Kijaluo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alimwambia mama afungue kinywa, kwa kuwa meno mabovu hutolewa kabla ya mionzi, akashangaa kuona meno sita ya mbele, ya chini, hayapo. Akauliza yalitoka lini. Nikajibu mimi. Nikamweleza kwamba zamani kila kijana wetu aling'olewa meno hayo, na wazee walisema faida yake ni kwamba mgonjwa akikaza taya, atanyweshwa uji kupitia pengo. Akauliza kama mama anaumia akimeza. Nikajibu mimi. Akauliza tumeamuaje kuhusu ile safari ya India niliyokwisha kumtajia, nami nikavuta pumzi.

Mama aliweka mkono juu ya goti langu. Kiswahili chake ni cha sokoni, na hospitalini alikuwa hajakitumia hata siku moja.

"Daktari, uliza mimi," alisema. "Siku ya meno walinidanganya tunaenda kutembelea shangazi. Watu wanne wakanishika. Hakuna mtu aliuliza mimi. Sasa nimezeeka na bado nashikwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari alikigeuza kiti chake kikamwelekea mama. Akamwambia kwamba protoni ingeweza kuuhurumia mdomo wake zaidi, lakini mionzi ya humu nchini ingeanza mapema, na uvimbe wake haukuwa wa kusubiri. Kuhusu kupona, hakuona tofauti kubwa. Mama aliuliza mambo mawili tu: nikirudi kwa wanafunzi wangu, huko India atazungumza na nani, na vidonda vya mdomo vitakaa kwa muda gani. Daktari alisema majuma kadhaa, na kwamba mate huenda yasirudi yote.

Mama alijipapasa shavu.

"Ya karibu," alisema. "Mdomo ni yangu."

Nilikasirika, nakiri. Niliona amechagua maumivu kwa ukaidi wake. Tukiwa njiani kurudi nilitaka kumtupia ile methali ya asiyesikia la mkuu, nikakumbuka kwamba mkuu ni yeye. Zile fomu nilizichana nilipofika nyumbani.

Tulipanga chumba karibu na hospitali ya mionzi. Kufikia juma la tano kinywa chake kilikuwa kidonda kitupu na taya halifunguki. Kila nikimtazama niliiwaza ile mashine ya mbali, na moyo wangu ulijaa uchungu na hasira, yeye wa kwanza kukasirikiwa na mimi wa pili. Asubuhi moja nilipika uji mwepesi wa wimbi, nikauacha upoe, nikaleta kijiko mdomoni mwake bila tumaini. Kilipita pale penye pengo. Uji ukaingia, akaumeza. Nilipompa kijiko cha pili nilikuwa nalia, na sikujificha.

Mama akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba wale watu wanne hawakukosea kila kitu, ila wangemuuliza tu.

Akanyoosha mkono, akachukua kijiko kutoka mkononi mwangu, akajilisha mwenyewe.