Mpunga Juu ya Turubai la Bwawa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hata ninapojitahidi kuisahau. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima hapa Kisangani, kisha jua likatoka kwa hasira, na mama yangu akafurahi.

Alikuwa amefika jana yake kutoka Opala kwa mashua, na magunia yake ya mpunga yalikuwa yamelowa njiani. Alifikia kwa kaka yangu Anselme, mfanyabiashara, ambako nami nilikuwa nakaa, kijana bado. Kaka alikuwa na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, na juu ya maji alitandaza turubai la buluu lenye mapovu ya hewa, la kuvuta joto la jua na kuzuia maji yasikauke. Majirani walicheka sana: kwa joto hili la kwetu, nani anapasha bwawa moto? Lakini kaka alipenda vitu vya kigeni, na kila mgeni aliyevaa vizuri alielezwa kwa Kifaransa, mwanzo mpaka mwisho, jinsi turubai lile linavyofanya kazi.

Mama alipofika, lilikuwa limetandazwa ukingo kwa ukingo. Maji yenyewe hakuyaona. Akauliza, maana kuuliza si ujinga.

"Anselme, ile bâche ni ya nini?"

"Ni ya kushika jua, mama. Bon, ile ni mambo ya Bulaya, hautaelewa," kaka akajibu huku akitafuta ufunguo wa gari.

Basi fikiria, mwanangu. Mwanamke aliyeanika mpunga na mihogo juu ya maturubai maisha yake yote, anaambiwa hili linashika jua. Angefikiri nini kingine? Kaka alikwenda dukani, mimi nikaenda kununua makaa. Mama akaumwaga mpunga wake pembeni mwa turubai, kisha akalikanyaga kwenda kuusambaza katikati. Sandali zake tulizikuta ukingoni, maana kwetu chakula hakikanyagwi na viatu.

Niliporudi nilikuta mpunga umetapakaa na turubai limejikunja. Plastiki ile haibebi mtu. Ukitumbukia inakufunika juu, na pa kutokea hupaoni. Nilijitupa ndani nikamtoa, lakini alikuwa ameshakwenda. Mwenye kovu usidhani kapoa: nimezeeka, na kupona nimeshaacha kungojea.

Kwenye matanga, mjomba wetu, kaka yake mama, hakupiga kelele. Alimwita Anselme mbele ya watu, akamwambia polepole:

"Mutoto wa dada yangu, wageni wako wote walijua chini iko mayi. Ni mama yako tu hakujua. Na ni yeye alikuzala."

Kaka alilifukia bwawa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sikumwona tena akicheka kicheko cha kweli, mpaka naye tukamzika.

Siku hizi naona mnachimba mabwawa tena, na maturubai yale yanaletwa hata hapa mjini. Sikukatazi. Ukiwa nalo, zungushia bwawa ua wenye mlango wa kufunga, na watu wakitaka kuogelea liondoe turubai lote, si nusu. Lakini zaidi ya hayo, kitu kipya kikiingia nyumbani kwako, anza kumweleza yule unayedhani hataelewa: bibi, mtoto, mama anayekupikia. Mweleze kwa lugha yake, mshike mkono akaone kwa macho. Usimpe jibu la nusu kwa sababu una haraka. Haraka ile ya kaka yangu, mpaka leo sijui ilikuwa ya nini.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu. Amwache mama yako aishi, akuulize na kukuuliza mpaka akuchoshe, na wewe akupe subira ya kumjibu mpaka mwisho.