Fundi wa Michezo Asiye na Mashine

Ofisini kwetu Westlands hakuna aliyekuwa akinisemesha, mpaka siku Kevo na Mutua walipobishania michezo miwili mipya ya video, kila mmoja ukichezwa kwa mashine ya kampuni yake pekee. Nikadakia: "Ule wa magari utauzika kuliko wa vita. Mashine yake ni bei nafuu."

Wakageuka. "Kumbe wewe ni fundi!"

Tangu hapo tukawa tunakula lanchi pamoja. Mimi nilikuwa nimesoma tu magazeti makuukuu ya barabarani. Walipouliza kama nina mashine hizo nyumbani, nilitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nani angetaka kurudi kula peke yake? Hata nikawaelekeza ninapoishi Uthiru, nikijua hawatakuja.

Jumapili nikasikia hodi. Ni wao, na soda, na ule mchezo wa magari! Wageni wangu wa kwanza. Nilifurahi hadi nikasahau uongo wangu.

"Washa basi tucheze," Kevo akasema, akiinua kitambaa cha kufuma alichonipa mama nifunikie televisheni nitakayonunua siku moja.

Chini yake kulikuwa na katoni ya viazi.

Mutua akavitazama, akanitazama. "Mzee, na hivi vinachezwa kwa mashine gani?"