Vua Viatu, Hii Ni Nyumba

Watu wakiliona gari langu huuliza choo kiko wapi. Hawaulizi injini, wala linakunywa mafuta kiasi gani. Choo. Nikiwaonyesha, huuliza maji yake yanakwenda wapi. Nimelijibu swali hilo sokoni Jinja, nimelijibu Buwenge siku ya gulio, nimelijibu mlangoni mwa msikiti nikiwa nimevaa buibui. Zamani lilikuwa linanikera. Siku hizi naona ni swali la haki, maana choo hicho kilikaribia kuninyang'anya nyumba.

Nasema nyumba, na asiyelipenda neno hilo ashuke mapema.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari jeshini, tukiishi kwenye nyumba za kazi pale Kimaka. Alipofariki nikakaa eda, eda ikaisha, na nyumba ikarudi kwa wenyewe kama ilivyo haki yao. Mtoto Mungu hakutujalia. Kaka yangu wa Mbale, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, akanipigia simu kuniambia kwamba amekwisha kukipaka rangi chumba cha nyuma.

Chumba hicho nakijua. Dada yetu mkubwa aliingia humo alipoachwa na mumewe, akaambiwa ni kwa muda, na hakutoka mpaka alipotolewa kwenda kuzikwa. Kila harusi, kila hitima, kila mgeni wa kaka, yeye ndiye aliyemenya vitunguu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dada yangu alipewa kisu kabla hajafungua mzigo. Kaka si mtu mbaya. Anaamini kabisa kwamba huko ndiko kumtunza mwanamke, na hilo ndilo linalonipandisha hasira kuliko yote.

Gari nililipata kwenye kambi ya watalii kando ya Nile, ambako nilikuwa napeleka unga wa mahindi. Wazungu wawili, mume na mke, watu wazima, walikuwa wamelileta kutoka kwao kwa nchi kavu, na walipofika Jinja mgongo wa mzee ukagoma. Walitaka kurudi kwa ndege. Mama wa Kizungu alinikaribisha ndani ninywe chai, nikaona kitanda, jiko, sinki, makabati, dirisha lenye pazia. Nilikaa ukingoni mwa kile kitanda nikalia kidogo, kisha nikauliza bei. Nikaiuza Canter yangu, lori dogo la mahindi. Gari lenyewe kwa ndani ni dogo kuliko chumba cha nyuma cha kaka, lakini mlango wake una ufunguo, na ufunguo ninao mimi.

Nikaliegesha Mafubira, uani kwa shangazi yangu, mdogo wake marehemu baba. Nilidhani kuendesha najua. Miaka na miaka nimepakia mahindi Buwenge nikayashusha Jinja. Lakini Canter haina sahani. Siku ya kwanza niliondoka bila kuyafunga makabati, na kwenye tuta la kwanza nikasikia vyombo vyangu vyote vya udongo vikiniaga. Mara nyingine nilisahau kukikunja kingazi cha mlangoni, nikaondoka na kiti cha muuza chapati. Nilipika maharage gari likiwa kwenye mteremko: upande mmoja wa sufuria yaliungua, upande wa pili yalikuwa bado yanaogelea. Nililala kichwa kikiwa chini kuliko miguu, nikaamka uso umevimba, shangazi akataka kujua nimepigwa na nani. Fundi wa jirani akanieleza kwamba gari husawazishwa kwa vipande vya mbao chini ya magurudumu, kisha akauliza kama ningependa alijengee msingi wa saruji kabisa, mambo yaishe. Nilimfukuza. Mbao zake nikabaki nazo.

Halafu lilitengenezwa kwa ajili ya nchi za watu wanaopita kulia. Usukani uko kushoto, na mlango wa nyumba uko kulia, kwa hiyo kwetu hapa ukiufungua unatokea katikati ya barabara. Hodi ya kwangu hupigwa na bodaboda.

Kila mtu alikuwa na swali. Mimi nilikuwa na langu, nikalipeleka kwa sheikh wetu. Msafiri, sheria imempunguzia: sala ya rakaa nne anaisali mbili, kwa sababu yuko mbali na kwake. Je, mimi ninayesafiri na kwangu? Sheikh alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia wanachuoni wa kale waliwahi kuulizwa habari za nahodha anayeishi chomboni na watu wake.

"Kama una nyumba mahali pengine, wewe ni msafiri, sali mbili," alisema. "Kama huna nyumba nyingine ila hiyo, timiza nne, ndiyo bora. Sasa unayo nyingine, au huna?"

Nilisema kaka yangu ana chumba.

"Sikukuuliza kaka yako ana nini," akajibu, akarudisha miwani yake.

Harusi ya binti wa kaka ilipokaribia, kaka akapiga simu tena. Alikuwa amesikia habari zote za sahani na maharage. Akaniwekea sharti mbele ya shangazi, simu ikiwa imefunguliwa sauti: "Njoo nalo kwenye harusi. Likifika Mbale likiwa zima, sitasema neno tena. Likiharibika likalala njiani, utaliuza hapo hapo lilipolala, uje ukae ndani kama mtu mwenye heshima." Nikasema sawa. Nilisema upesi, kwa hasira, na baada ya kukata simu nikatamani kumpigia tena nijitoe. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kosa lilitendeka asubuhi ile ya safari, na lilikuwa kosa la adabu. Wanawake wa Mafubira walikuja kuniaga na ubani na kahawa. Mgeni akiomba choo, Mwislamu gani atamnyima? Na mgeni akiingia chooni bila birika la maji, mwenye nyumba atauweka wapi uso wake? Basi mmoja akaingia na birika, akatoka akisifu. Wote wakataka kuonja. Kila mmoja na birika lake limejaa. Wale Wazungu walikuwa wameniambia kwamba sanduku la choo huchukua siku nyingi kujaa, na hawakuniongopea. Wao hutumia karatasi. Sanduku lilitengenezwa na watu wa karatasi, kwa ajili ya watu wa karatasi, na sisi tulilimiminia mto. Taa nyekundu ndogo ikawaka ukutani. Shangazi akasema imependeza.

Shangazi alinisindikiza. Alikaa mbele upande wa kulia, mahali ambapo kwa magari ya kwetu hukaa dereva, amejitanda kanga, miguu haifiki chini. Kabla ya Iganga askari wa trafiki alitupungia mkono tusimame, akaja moja kwa moja dirishani kwake kudai leseni.

"Jaja, leta pamiti."

"Pamiti ya nini, mwanangu? Ya kukaa?"

Yule askari akachungulia, akaona hakuna usukani. Akamtazama kikongwe, akaitazama barabara tuliyotoka, na rangi ikamtoka. Nikamwita kutoka upande wa pili: "Afande, huku!" Alizunguka polepole, akazisoma karatasi zangu zote, hakupata kosa, na hilo halikumfurahisha.

"Sasa hii kitu ni gari ama ni nyumba?"

"Ni nyumba, afande."

"Nabeba nini ndani? Fungua, mimi naona."

Nikashuka, nikafungua mlango. Alikuwa tayari ameinua mguu. Nikamwambia avue viatu.

"Nini?"

"Vua viatu, afande. Hii ni nyumba. Hata mume wangu, na alikuwa jeshini, hakuingia kwangu na buti."

Aliziangalia buti zake, na kamba zake ndefu zilivyozungushwa kifundoni. Aliangalia zulia langu. Wakati huo nyuma yetu lori la miwa lilikuwa linapiga honi. "Mama, enda," akasema. "Enda tu." Nilicheka peke yangu mpaka Nakalama, ambapo njia ya Tirinyi inachepuka.

Kicheko kiliniisha tulipokaribia Namutumba. Shangazi alikuwa ameomba kujisaidia, nikasimama, akaenda nyuma na birika lake, akarudi akiwa amenyanyua pindo la kanga. Baada ya mwendo kidogo akasema, "Mwanangu, ile zulia yako nzuri ilikuwa rangi gani?"

Niliegesha kwenye kituo cha mafuta. Sitaeleza nilichokiona, nanyi mna chakula cha kula. Nitasema tu kwamba niliketi kwenye kingazi nikawaza kaka yangu amepata alichokitaka, na kwamba vitunguu vinaningoja Mbale. Na simu ikalia wakati huo huo, alikuwa yeye. Mikono yangu haikufaa kushika kitu, kwa hiyo shangazi akaipokea.

"Mko wapi? Limelala?"

"Halijalala," shangazi akasema. "Tumesimama kujisaidia." Akakata. Hakuongopa hata neno moja.

Ile sauti ya kaka, ile furaha ndogo aliyoificha vibaya, ndiyo iliyoniinua. Nilikunja mikono ya buibui. Sanduku la choo huchomolewa kwa nje, lina magurudumu na mpini, ukiliona utadhani mtu anakwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa nalivuta kuelekea choo cha shimo nyuma ya kituo wakati mzee mmoja nadhifu, mwenye koti na kofia, aliponijia akitabasamu.

"Nyabo, leta nakubebea sanduku. Mwanamke havuti mzigo na sisi wanaume tuko hapa."

"Ahsante mzee, acha tu."

"Hapana, hapana. Nyinyi nakuja kutoka mbali." Akalinyakua, akaliinua badala ya kulivuta, na ndani likafanya chubwi. Alipiga hatua chache. Nilimwona pua yake ikifikiri. Lakini alikuwa ameshatamka maneno yake mbele ya watu wote wa kituo, na alikuwa mwanamume wa neno lake. Alilibeba mpaka mwisho, akaliweka chini, akavua kofia yake, akaondoka bila kugeuka. Mungu amlipe. Natamani wanaume wote wanaoapa kunibebea mzigo wangekuwa wanajua kilichomo, kisha wakaubeba hivyo.

Nikaosha, nikapangusa, zulia nikalifunga kwenye mfuko. Tuliivuka Mpologoma madirisha yote yakiwa wazi, upepo wa mashamba ya mpunga ukaingia ndani, na tulipopita Kamonkoli shangazi akaanza kuimba nyimbo za harusi za kwetu, za Kinubi. Gari likaingia Mbale likinguruma vizuri kabisa. Nilipiga honi mtaa mzima wa kaka yangu. Ndiyo, kwa makusudi.

Lango la kaka lina upinde wa zege juu yake, na siku hiyo ulikuwa umepambwa maua ya harusi. Nililiangalia, nikaliangalia paa langu. Gari halingepita. Nikaegesha nje, ubavu kwa ukuta. Kaka akatoka akiwa na kanzu mpya na viatu vipya vya kamba, akalizunguka gari lote akitafuta jeraha. Hakuliona.

"Limefika," nikasema.

"Limefika," akakubali. "Lakini unaona mwenyewe, haliingii. Liache hapo. Nimepata mtu wa kulinunua, atakuja baada ya harusi. Chukua nguo zako, chumba kiko tayari."

Yaani alikuwa ametafuta mnunuzi wakati ananiwekea sharti. Nikachungulia langoni nijipe muda, na kule mwisho wa ua nikaona mlango wa chumba cha nyuma umefunguliwa, rangi yake mpya inang'aa. Kando ya kizingiti waliweka karai la vitunguu. Juu ya vitunguu walilaza kisu.

Adhana ya alasiri ikaanza. Nilipanda garini, nikatawadha kwa maji yaliyobaki, nikatandika mswala mahali zulia lilipokuwa. Kibla siku hiyo kilikuwa upande wa sinki. Kaka alikuja akasimama mlangoni kunisubiri, na mlango wangu, kama nilivyosema, unafungukia barabarani, kwa hiyo alisimama katikati ya bodaboda zinazompigia kelele, mkono mmoja ameshika ukingo wa nyumba yangu.

Nilisali rakaa ya kwanza na ya pili. Nilisikia akikohoa, akingoja nitoe salamu, kwa sababu aliisoma dini kuliko sisi sote na anajua Jinja ni mbali. Sikutoa salamu. Nilisimama kwa ya tatu. Nikasali na ya nne, taratibu, bila haraka na mtu yeyote duniani.

"Umezidisha," akasema nilipomaliza. "Wewe ni msafiri. Ulitakiwa kusali mbili."

"Msafiri anarudi kwake, kaka. Mimi niko kwangu."

Kaka yangu anaweza kubishana na mimi kutwa, lakini hawezi kubishana na sala iliyokwisha kusaliwa. Nilimwona akilipitisha neno lile kichwani, mara moja, na mara ya pili, na macho yake yakaenda kwenye kitanda, kwenye jiko, kwenye kikombe cha marehemu mume wangu kilichoning'inia kwenye msumari. Bodaboda nyingine ikampigia honi. Akainua mguu kupanda kingazi.

"Karibu ndani, kaka," nikasema. "Chai ipo. Vua viatu."

Akabaki na mguu mmoja juu. Kisha akaushusha, akainama pale barabarani na kanzu yake mpya, akaanza kufungua kamba.